Simbilisi wa Watoto: Banda Kwanza, Mnyama Baadaye

Ndugu msomaji, kama unakaa Iringa, Njombe au Mbeya, mnyama ninayemwandika leo unamjua. Huenda sasa hivi yuko jikoni kwako, nyuma ya mafiga, anasubiri maganda ya mahindi. Ni simbilisi. Wengine humwita pimbi, lakini pimbi hasa ni yule wa porini anayekaa kwenye majabali. Wenzetu wa Kivu, huko Kongo, humwita dende.

Kama hujapata kumwona, fikiria mnyama mkubwa kuliko panya na mdogo kuliko sungura. Hana mkia. Miguu yake ni mifupi na masikio yake ni madogo. Yuko mweupe, mweusi, wa kahawia, na mwenye mabaka. Akikomaa ana uzito wa kama gramu 700 hadi kilo moja na kidogo. Hang'ati ovyo, haparui, wala haruki juu. Kwa sababu hiyo watoto humpenda sana.

Asili yake si Afrika. Alitoka kwenye milima ya Andes, huko Amerika ya Kusini, katika nchi kama Peru na Bolivia. Watu wa huko walianza kumfuga maelfu ya miaka iliyopita. Mpaka leo wanamfuga jikoni na kumla. Basi jiko la Peru na jiko la Njombe yanafanana kwa jambo hilo, ingawa bahari kubwa iko katikati.

Leo siandiki habari za simbilisi wa kitoweo. Nataka tuzungumze habari za wale wawili au watatu ambao mzazi huwapa watoto wake ili wawatunze. Katika vijiji vingi vya Nyanda za Juu Kusini, simbilisi ndiye mfugo wa kwanza wa mtoto. Akimweza huyu, utampa kuku. Akiweza kuku, utampa mbuzi. Wazazi wengi husema hivyo, nami nakubali. Lakini mara nyingi mnyama huletwa nyumbani kabla hatujajua atalala wapi na atakula nini. Nami nilifanya hivyo hivyo.

Yaliyotupata nyumbani

Mimi nilizaliwa na kukulia Kanda ya Ziwa. Simbilisi nilikuwa simjui. Nilipohamishiwa mkoa wa Njombe kusimamia madarasa ya kisomo, binti yangu alikuwa na miaka 7. Aliwaona simbilisi kwa rafiki zake akaanza kunisumbua. "Baba, na sisi tununue." Kila siku wimbo ni huo. Siku moja ya gulio nikanunua wawili, majike, nikawatia katika boksi la sabuni, nikapanda nao basi.

Nyumbani hatukuwa na banda. Boksi lile lile likawa nyumba yao. Tuliliweka chumbani, chini ya kitanda cha watoto. Nikawapa pumba za mahindi, nyasi kavu na maji katika bakuli. Nilijiona mfugaji hodari. Watoto wa jirani walijaa chumbani kutazama. Huyu anashika, yule anavuta, mwingine anapuliza masikioni. Simbilisi wale walikaa kimya kabisa, hawatingishiki. Mke wangu akasema, "Wanyama wapole sana hawa." Kumbe haukuwa upole. Simbilisi akiogopa sana hugeuka kama jiwe. Huko porini kwa mababu zake ndiyo ilikuwa njia ya kumpotezea adui.

Wiki ya tatu mmoja alianza kuchechemea. Magoti yakavimba. Ukimgusa analia. Manyoya yakasimama ovyo, akaacha kula. Mimi nilikuwa na vidonge vya amoksilini vilivyobaki nilipoumwa kifua. Nikachukua kimoja, nikakifungua, nikamchanganyia unga kidogo katika maji na kumnywesha. Aliharisha usiku kucha. Kesho yake jioni akafa.

Binti yangu hakulia mbele yetu. Aliniuliza tu, "Baba, ni kwa sababu nilimbeba sana?" Sikuwa na jibu. Mimi mwalimu, nimesoma chuo, nafundisha watu wazima, na mtoto wangu mwenyewe nashindwa kumjibu.

Wiki hiyo hiyo nilikwenda darasani katika kijiji kimoja. Kati ya wanakisomo alikuwapo bibi mmoja wa miaka kama 70, ambaye alikuwa ameanza kusoma kwa herufi za ukutani. Baada ya somo nilimwamkia, nikamweleza habari yangu.

"Ulimpa majani mabichi?" akauliza.

"Hapana bibi. Nilimpa pumba na nyasi kavu."

"Mwalimu, na wewe! Simbilisi bila majani mabichi ni kama mtoto bila maziwa. Nani alikudanganya?"

Hakunidanganya mtu. Sikuuliza tu. Baadaye nikamwendea bwana mifugo, naye akanieleza sababu. Mengi nitakayoandika hapa chini nilijifunza kwa hao wawili, na mengine kwa kusoma.

Kwa nini majani mabichi

Miili ya wanyama wengi, kama ng'ombe, mbuzi, mbwa na kuku, inajitengenezea vitamini C. Mwili wa mwanadamu hauwezi. Na mwili wa simbilisi vile vile hauwezi. Hiyo vitamini lazima aile kila siku katika chakula. Imo katika majani mabichi na matunda. Majani yakikaushwa au yakipikwa, sehemu kubwa hupotea. Ndiyo maana nyasi kavu peke yake hazitoshi.

Akiikosa kwa wiki mbili tatu, hupata kiseyeye. Huo ni ugonjwa ule ule uliowaua mabaharia wa zamani waliokaa baharini miezi bila kula matunda wala mboga. Viungo huvimba, fizi hutoka damu, hataki kutembea kwa maumivu, na mwisho hufa. Basi yule wa kwetu alikuwa na kiseyeye. Dawa yake ilikuwa bustanini.

Na kile kidonge? Hapo ndipo nilipommaliza. Dawa za jamii ya penisilini, pamoja na ampisilini na amoksilini, ni hatari kubwa kwa simbilisi. Tumboni mwake mna vijidudu vyema vinavyomsaidia kusaga majani. Dawa hizo huviua, vijidudu vibaya vinabaki na kuzaliana, na simbilisi anakufa kwa kuharisha. Tafadhali ndugu msomaji, usimpe simbilisi dawa yoyote ya binadamu. Akiumwa, mwone bwana mifugo, na mtajie waziwazi kwamba mnyama ni simbilisi.

Namna ya kujenga banda

Sasa tuje kwenye banda. Fundi hahitajiki. Mzazi na watoto wanaweza kulijenga kwa siku mbili, kwa mbao, mabanzi au fito.

Kwa simbilisi wawili, urefu uwe mita 1 na sentimita 20, na upana sentimita 60. Kimo kiwe sentimita 45 hivi. Kama huna futi ya kupimia, tandika chini gunia la kawaida la mahindi. Banda lisiwe dogo kuliko gunia hilo. Likiwa kubwa zaidi ni heri, kwa maana mnyama huyu anapenda kukimbia huku na huku, hasa asubuhi na jioni.

Liinue juu ya ardhi kwa miguu minne, lifike usawa wa mapaja ya mtu mzima. Faida yake ni kukwepa unyevu, na mbwa wasilifikie kirahisi. Kila mguu usimamishe katika kopo lenye maji na mafuta machafu kidogo juu yake. Kazi ya kopo ni kuzuia siafu. Mtu asiyejua siafu anaweza kucheka, lakini siafu wakiingia bandani usiku, asubuhi utakuta mifupa.

Sakafu iwe ya mbao zilizobanana. Usiweke sakafu ya waya. Nyayo za simbilisi ni laini, hazina manyoya kama za sungura, na waya huzitoboa na kuzitia vidonda visivyopona upesi. Juu ya mbao tandika nyasi kavu, unene wa kiganja. Maranda ya mbao yanafaa pia kama yamekauka sana, lakini si ule unga wa msumeno, kwa kuwa unaingia puani na machoni.

Ligawe banda sehemu mbili. Theluthi moja iwe chumba cha kulala, kimefungwa pande zote na chenye giza kidogo. Theluthi mbili ziwe ukumbi, na mbele yake weka wavu wa waya. Matundu ya wavu yawe madogo, kidole chako kisipite. Paka, nguchiro na kicheche ni adui, lakini panya na nyoka nao ni adui, na hao hupita palipo padogo. Chumba cha kulala kiwe na milango miwili. Nasisitiza, miwili. Simbilisi mmoja akimkimbiza mwenzake na kumbana katika chumba chenye mlango mmoja, huyo mnyonge hana pa kutokea, naye ataumizwa.

Paa liwe na mteremko, na lichomoze mbele na nyuma ili mvua isiingie. Kama unatumia bati, weka nyasi juu yake. Bati tupu huchoma mchana na usiku hutoa baridi. Mgongo wa banda uelekee unakotoka upepo. Mbao usizipake rangi wala lami, kwa sababu simbilisi hutafuna kila kitu. Meno yake yanakua siku zote za maisha yake, na lazima ayasage. Watie ndani kijiti kibichi cha mpera, watafurahi.

Hali ya hewa inayomfaa ni nyuzi 18 hadi 24, yaani ile ambayo mtu hukaa na shati bila kuhitaji sweta wala kutoka jasho. Juani hufa upesi. Ukimkuta amejinyoosha, anahema mbiombio na udenda unamtoka, mpeleke kivulini, mlowanishe masikio na miguu kwa maji ya kawaida, mpe na maji ya kunywa.

Habari za jikoni

Hapa ndipo nilipobishana sana na yule bibi. Yeye huwafuga jikoni, kama mama yake na bibi yake walivyofanya. Alinieleza hivi: "Juni na Julai huku kwetu umande unaganda kama chumvi. Banda lako la nje litawaua. Jikoni kuna moto."

Alisema kweli, nami sitaki kudharau maarifa ya wazee. Lakini jikoni kuna mambo yake. Kuna moshi, na simbilisi ana kifua chepesi kuugua. Kuna maji ya moto yanayomwagika, na mguu wa mtu gizani. Kuna kinyesi karibu na chakula cha watu. Na wakiwa huru jikoni, huwezi kujua yupi ni yupi. Dume anampanda binti yake, kaka anampanda dada yake, mwaka hata mwaka. Kizazi kinadhoofika, watoto wanazaliwa wadogo, na mwenyewe unasema simbilisi wa siku hizi hawana nguvu.

Tukapatana katikati. Miezi ya baridi kali, usiku waingizwe ndani, lakini si huria. Chukua pembe moja ya nyumba, mbali na mafiga, ujenge ukuta mfupi wa matofali mabichi, kimo cha sentimita 40. Simbilisi haruki ukuta huo. Tandika nyasi kavu nyingi, funika juu kwa wavu au fito ili paka asiingie. Asubuhi jua likipasha, warudishe bandani. Bibi alikubali kujenga ukuta. Kuhusu moshi hakukubali, akasema, "Mbona sisi tunauvuta na tunaishi?" Hapo nikanyamaza, maana hilo ni somo la siku nyingine.

Kuwaleta nyumbani

Banda likiwa tayari, na nyasi zimetandikwa, na majani yamekatwa, ndipo uende kununua. Usinunue mmoja. Simbilisi ni mnyama wa ukoo, akiwa pekee husononeka na kuacha kula. Huko Uswisi, tangu mwaka 2008, sheria inataka simbilisi asifugwe peke yake. Yule wetu aliyebaki alikaa siku nne anapiga miluzi usiku, akimwita mwenzake. Nilishindwa kulala.

Kwa familia inayoanza, majike wawili ni rahisi. Madume wawili wasiojuana hupigana. Kujua dume na jike si kazi kwako wewe uliyekwisha soma. Mpindue mnyama taratibu, utazame chini ya tumbo, karibu na njia ya haja. Kwa jike utaona umbo kama herufi Y. Kwa dume utaona kama herufi ndogo i, yenye nukta yake juu. Muuzaji akikuambia "hawa wote majike", wewe soma mwenyewe.

Chagua wenye macho maangavu, pua kavu na manyoya laini. Tazama pia makalio, yasiwe na kinyesi kilichoganda. Waulize walikuwa wanakula nini, na kwa siku za kwanza wape hicho hicho, ukibadili kidogo kidogo. Wabebe katika tenga au kikapu chenye mfuniko, pamoja na nyasi na vipande vya karoti kwa ajili ya njiani. Usiwabebe katika mfuko wa salfeti uliofungwa mdomo.

Ukifika, weka kikapu ndani ya banda, fungua, ondoka. Ndiyo, ondoka. Watoto watalia, lakini siku hiyo ni ya kutazama kwa mbali tu. Siku ya pili vile vile, wape majani na maji na kuwaacha. Wajifunze harufu ya mahali na sauti za nyumba yenu. Usishangae wakikaa chumbani mchana kutwa na kutoka usiku kula. Kama majani yanapungua, mambo ni mazuri. Lakini mnyama asipokula kabisa kwa siku nzima, hilo si la kungoja. Tumbo la simbilisi halistahimili kukaa tupu. Mpeleke kwa bwana mifugo.

Siku ya tatu au ya nne mtoto mmoja, mmoja tu, akae karibu na banda na kuongea kwa sauti ya chini. Ashike jani refu la nyasi, aliingize ndani polepole, asitingishe mkono. Anaweza kukaa nusu saa bila kupata kitu. Mwache akae. Kwetu ilichukua siku sita. Binti yangu alikuwa anarudi shuleni anatupa mfuko wa madaftari na kwenda moja kwa moja bandani na majani yake. Siku ya sita yule mwenye baka jeusi alichomoza pua, akanyakua jani, akakimbilia chumbani nalo. Mtoto alikuja mbio jikoni kutuambia, akasahau hata kutuamkia.

Kumshika mnyama kunakuja baada ya hapo, kama wiki ya pili. Mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya makalio. Mtoto akae chini sakafuni, kanga imetandikwa mapajani. Asimbebe akiwa amesimama, maana simbilisi akianguka, hata kutoka kimo cha kiuno, mgongo huvunjika. Dakika chache zatosha. Akianza kugonganisha meno, amekasirika, arudishwe. Mtoto wa chini ya miaka 5 asiachiwe peke yake naye. Na wote wanawe mikono kwa sabuni baadaye, kwa sababu simbilisi anaweza kumwambukiza mtoto mapunye na magonjwa ya kuharisha.

Chakula cha kila siku

Nyasi ndizo ugali wake. Ziwepo bandani mchana na usiku, mbichi na kavu. Juu ya hizo ongeza mboga asubuhi na jioni: majani ya viazi vitamu, sukuma wiki, majani ya karoti, kishonanguo, maganda mabichi ya mahindi. Kabichi na mchicha kidogo tu. Pilipili hoho na mapera yana vitamini C nyingi sana. Kipande kimoja kwa siku kinatosha kabisa. Pumba ni za kuonja, si chakula. Nyasi zilizokatwa na kurundikwa mpaka zikapata joto usiwape, zitawajaza gesi.

Sasa yale ya hatari. Majani ya viazi mviringo na ya nyanya ni sumu. Viazi mviringo vilivyogeuka kijani vile vile. Majani ya parachichi ni sumu, nalo ni jambo la kuangalia sana huku Njombe ambako miparachichi iko kila shamba. Vitunguu, maharage makavu na kisamvu kibichi usiwape. Watoto ndio wakata majani, kwa hiyo wafundishe kwa kuwaonyesha kila mmea. Maneno matupu hayatoshi.

Maji badili kila siku, katika chungu kizito kisichopinduka. Nyasi zilizolowa toa kila siku, na mara moja kwa wiki toa zote, utandike mpya. Zile za zamani peleka bustanini, ni mbolea safi. Ukimwona simbilisi anakula kinyesi chake laini, usimpige. Ndivyo alivyoumbwa, anapitisha chakula mara ya pili ili apate nguvu yake yote.

Na sungura? Watu wengi huwaweka pamoja. Mimi nashauri hapana. Sungura humpiga mwenzake mateke, na huweza kuwa na vijidudu vya kifua ambavyo yeye mwenyewe havimsumbui lakini simbilisi vinamuua.

Daftari la banda

Hapa sasa elimu yako ifanye kazi. Tafuta daftari, hata lililobaki kurasa chache. Andika tarehe waliyofika, rangi ya kila mmoja na uzito wake. Uzito utaupata kwa mwenye duka, kwenye mizani ya sukari, ukimweka simbilisi ndani ya bakuli na kutoa uzito wa bakuli. Pima kila wiki. Simbilisi huficha ugonjwa wake, kwa jicho utamwona mzima. Lakini gramu zikipungua wiki mbili mfululizo, daftari limekwisha kukuambia.

Baadaye ukitaka wazae, ongeza dume asiye wa ukoo wao, na andika tarehe. Mimba ni siku 68 hivi. Dume akiingia tarehe 3 Machi na jike akashika siku hiyo, hesabu siku 68, utafika tarehe 10 Mei. Jike azae mara ya kwanza kabla ya kufikisha miezi 7. Akichelewa, mifupa ya nyonga hukaza na anaweza kufa akizaa. Huzaa watoto wawili hadi wanne kwa kawaida, wenye manyoya na macho wazi, na kesho yake wanatafuna nyasi. Mtoe dume kabla jike hajazaa, maana jike huweza kushika mimba tena siku ile ile ya kuzaa, na mwili wake haujapumzika.

Watoto wa kiume watenge wakifika siku 21. Usingoje wakue. Mfugaji mmoja jirani yangu alingoja miezi miwili, akajikuta mama na binti wote wana mimba, na banda limejaa.

Kwetu daftari analiandika binti yangu. Mwandiko wake bado unapanda na kushuka, na neno "simbilisi" analiandika kila siku kwa namna yake. Ukurasa wa kwanza nilimkuta ameandika habari za yule aliyekufa, ambaye mimi sikumtaja: rangi yake, siku aliyokuja, na mbele ya neno "sababu" ameandika, "hakupewa majani". Ukurasa wa mwisho niliousoma jana ni huu: "Leo siku ya 21. Dume 1 amehama. Gramu 240."